Jalala la Maneno

Kwa madai ya Mama Cherehani, mambo yalikwenda hivi. Alikuwa amekaa mlangoni pa duka lake, anamalizia pindo la gauni la bibi harusi. Hapana, si la bibi harusi, la mpambe wake, maana la bibi harusi lilikwisha tangu juzi. Jua lilikuwa limezama lakini mwanga wa nje bado ulitosha kutunga uzi. Au ngoja, haukutosha, ndiyo sababu akaacha kushona, akajinyoosha mgongo. Ng'ambo ya barabara, mbele yake kabisa, kuna jengo la ghorofa moja lenye ngazi za nje, na huko juu ndiko iliko ile ofisi ya watu wanaokusanya maneno. Basi akainua kichwa akamwona mlinzi anapanda ngazi na begi mgongoni. Akarudi kwenye pindo lake. Hapana, kwanza alimfukuza paka aliyelalia kitambaa, ndipo akarudi kwenye pindo. Kesho yake asubuhi mtaa mzima ukajua kwamba chumba cha mashine kimevunjwa, na ile diski kubwa iliyobeba kazi yote ya ofisi haipo.

Mpelelezi alimwacha aseme mpaka akaishiwa pumzi. Kituoni wenzake walimwita Kobe, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kwenda taratibu na kuingiza kichwa ndani kila anapotaniwa. Hakuwa amelikataa jina hilo. Alivuta kigoda, akakaa chini zaidi ya mwenye duka, jinsi mtu anavyokaa anapokuja kupimwa viatu.

"Mama, nirudishe nyuma kidogo. Pale ulipojinyoosha."

"Nikainua kichwa nikamwona mlinzi anapanda ngazi na begi mgongoni."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti lake la kijani. Hapana, lilikuwa kijani likiwa jipya, siku hizi lina rangi ya maji ya kuoshea masufuria."

"Uso uliuona?"

"Uso niuone wapi, mwanangu? Ngazi zile mtu akipanda anakupa mgongo. Lakini koti ni lile. Viraka vya mabegani nilivitia kwa mikono hii. Viraka vyangu navijua kama wanangu."

"Na alipanda vipi?"

Mguu wa Mama Cherehani ulisita juu ya kanyagio. "Kupanda ni kupanda. Yule kijana kila siku nagombana naye, anazirukia ngazi kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mbili mbili. Nimemwambia mara ngapi, utakuja kuokota meno yako hapo chini."

"Na jioni ile?"

"Jioni ile..." Akatazama sindano, kana kwamba jibu lilikuwa limetungwa humo. "Jioni ile nikainua kichwa nikamwona mlinzi anapanda ngazi na begi mgongoni. Afande, hayo yameandikwa. Asubuhi yake nilikwenda kule juu kama kawaida yangu. Si huwa napanda kabla sijafungua duka, nakaa mbele ya kile kidude chao, naongea lolote lililo moyoni, wao wanarekodi? Nikaongea. Wao wakaandika, wakawapa wenzako, wenzako wakanisomea, nikatia dole gumba. Maneno ni yangu, sasa nikayakane?"

"Sijakuambia uyakane, mama."

"Basi."

Kobe alitazama kilichokuwa chini ya sindano. Lilikuwa shati jeupe la kiume, limefuliwa mpaka kola imelainika, na vifungo vimetolewa vyote ili vitiwe vipya.

"La nani hilo?"

Mama Cherehani aliinyoosha kola kwa kidole gumba. "La huyohuyo mlinzi. Mama yake kalileta asubuhi. Kesho mwanawe anasimamishwa mbele ya hakimu, naye kaniambia hana pengine pa kulipeleka. Nikamwambia lete, na sitaki hata senti. Mtoto wa mwenzio hasimami mahakamani kifua wazi." Akakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mimi sina ubaya na yule kijana. Nimesema nilichokiona tu."

Kobe aliaga. Alipovuka barabara alikuwa amebeba kitu kimoja tu kutoka dukani. Mama yule hakuwa na sentensi isiyo na fundo. Gauni, mwanga, paka, rangi ya koti, kila kitu alikisema, akakirudisha, akakisema upya. Isipokuwa sentensi moja. Hiyo ilitoka mara tatu, neno kwa neno, imenyooka kama iliyopigwa pasi.

Koti lenyewe lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari chini ya ngazi. Polisi walikuwa wamemchukua mwenye koti wakaliacha koti. Mlinzi alikuwa ameeleza tangu siku ya kwanza kwamba jioni ile alilitundika hapo, akaenda kuchukua simu yake aliyoiacha ikichajiwa duka la nyuma, na aliporudi alilikuta palepale. Hakuna aliyemsikiliza. Kobe alilishika mkono, akavipapasa viraka, akaliacha.

"Afande, karibu, karibu sana." Msimamizi wa ofisi alikuwa ameshuka kumpokea, mtu wa makamo mwenye suruali iliyokunjwa vizuri na sauti ya kutuliza watoto. "Ingawa nilidhani kazi hii imekwisha. Mwizi mnaye, shahidi mnaye."

"Tunaye mtuhumiwa, mzee. Nimekuja kufunga vifungo tu."

"Basi tupande."

Ngazi zilikuwa za saruji, nyembamba, na upande wa kulia zilikuwa na chuma cha kushikilia. Msimamizi alitangulia, anazungumza bila kugeuka, jinsi vijana wa siku hizi wasivyotosheka, jinsi alivyompa kazi yule mlinzi kwa huruma tu. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kinatambaa juu ya ukuta, na kila kidato alikipa miguu yote miwili kabla ya kwenda kingine. Kobe, aliyezoea kuachwa nyuma na watu, ilimbidi asubiri ili asimkanyage kisigino. Katika chokaa ya ukuta ule, usawa wa bega, palikuwa na mfereji mrefu wa uchafu uliopanda kutoka chini mpaka mlangoni.

Juu palikuwa na chumba kimoja kikubwa, na viwili vidogo vilivyokatwa kwa mbao. Kimoja kilikuwa cha mashine, kitasa chake kimeng'olewa. Kingine kilikuwa cha msimamizi. Katika kile kikubwa walikaa watu wawili.

"Huyu ni fundi wetu wa programu," alisema msimamizi. "Na huyu ndiye mchoraji wa miti. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu marehemu. Waulize lolote. Mimi niko hapa jirani."

Akaingia chumbani mwake, akauegesha mlango. Haukufunga. Chini ya ubao Kobe aliona ncha za viatu viwili, zimeelekea nje.

Fundi wa programu alikuwa kijana mrefu aliyekaa ofisini na begi lake mgongoni, kama mtu anayengoja gari. Kobe alilitazama begi lile kitambo.

"Huwa hulivui?"

"Kiti hiki hakina pa kuegemea, afande. Begi ndilo mto wangu."

"Lina nini?"

"Chaja, soksi, na chungwa la tangu wiki iliyopita ambalo naogopa kulitazama." Akalivua, akalifungua zipu, akalisukuma mbele yake. Ilikuwa kama alivyosema.

"Jioni ile uliondoka saa ngapi?"

"Nilikuwa wa mwisho kuondoka. Najua unachofikiri. Mwenye begi, wa mwisho kuondoka, anayeijua mashine. Hata mimi ningekuwa wewe ningenikamata."

"Sijafika huko." Kobe akatoa karatasi mfukoni, ile iliyokuwa katika jalada la kesi, na kuikunjua mezani. "Haya ndiyo maneno ya Mama Cherehani yaliyotoka hapa. Nataka nione yalivyotoka. Usinieleze kwa Kizungu cha kompyuta. Nioneshe kama unavyomwonesha shangazi yako."

"Shangazi yangu anauza simu, afande, ananishinda." Lakini aligeuza skrini. "Haya. Mtu anaongea. Huyu dada anasikiliza, kisha kila sentensi anaichora mti. Mti wenyewe umepinduliwa, shina juu, majani chini. Kila neno ni jani. Maneno yanayokwenda pamoja yanakaa tawi moja. Anayetenda huku, kitendo huku, mahali huku. Unaona?"

Kobe aliona. Lilikuwa umbo la mistari inayogawanyika na kugawanyika, na chini kabisa maneno yamening'inia.

"Sasa watu hawasomi miti. Wanataka maandishi matupu. Hapo ndipo programu yangu inapofanya kazi. Inaanzia shinani, inashuka tawi la kushoto kabisa mpaka ikute jani, inalichuma. Inarudi kwenye njia panda, inashika tawi linalofuata, inashuka, inachuma. Hivyo hivyo mpaka kulia kabisa. Majani iliyochuma inayapanga mstari mmoja, imekwisha. Wanasema penye miti hakuna wajenzi. Hapa mjenzi yupo mmoja, na hana kiti."

"Inachuma kila jani?"

"Isipokuwa ya jalalani."

"Jalala gani?"

Fundi alimtazama mchoraji, na mchoraji, aliyekuwa amevaa vipokea sauti vikubwa vilivyomfunika masikio, akajibu bila kuvivua. Kumbe vilikuwa kimya.

"Watu hawaongei kama vitabu, afande. Mtu anasema jambo, analirudisha, anasema jingine. Lile alilolirudisha haliwezi kutupwa, maana alilisema. Wala haliwezi kukaa na mengine, maana amelikana. Basi nalitundika kwenye tawi la pembeni, tunaliita jalala. Na zile 'hapana', 'ngoja', 'nilikuwa nasemaje', zote huko. Programu ikifika kwenye jalala inapita kama hailioni."

"Nioneshe mti mmoja wa Mama Cherehani. Wowote."

Fundi alifungua mmoja. Mama alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyekataa suruali. Mti wenyewe ulikuwa mwembamba, lakini pembeni jalala limefura kama mfuko wa sokoni. Akafungua wa pili, wa tatu. Mmoja ulikuwa na jalala zito kuliko shina lake.

"Huyu mama," fundi alisema, "kwa kila neno analotupatia, jingine linakwenda jalalani."

"Sasa fungua huu." Kobe aliweka kidole juu ya karatasi.

Mti ukaja. Nikainua kichwa nikamwona mlinzi anapanda ngazi na begi mgongoni. Matawi safi, majani safi, kila kitu mahali pake. Pembeni hapakuwa na kitu.

Kobe aliisukuma skrini kidogo upande wa fundi.

"Geuza mti huu uwe maandishi. Hapahapa, nikiona."

Fundi alibonyeza. Maandishi yakatoka yaleyale ya kwenye karatasi.

"Programu ni yako," alisema Kobe. "Ungeweza kuiambia iruke chochote unachotaka."

"Ningeweza. Nikitaka iruke neno 'polisi' kila litakapotokea, ni mistari miwili, chai haijapoa." Hakuonekana kukasirika, ila alikuwa ameacha kutabasamu. "Lakini tazama ulichokiona sasa hivi. Maandishi yanalingana na mti. Kama ujanja ungekuwa kwenye programu, mti ungekuwa na kitu ambacho maandishi hayana. Programu haigusi mti, afande. Inautembelea kama mgeni mwenye adabu, haihamishi viti. Kilichokosekana kimekosekana kwenye mti wenyewe."

"Nani anaweza kuugusa mti?"

"Anayeuchora."

"Na?"

Fundi akajikuna shingo. "Na anayeukagua."

Nyuma ya mlango wa mbao kiti kililia. Zile ncha za viatu zilikuwa zimesogea.

Kobe aligeukia meza ya pili na kuishusha sauti. "Dada. Mti huu uliuchora wewe?"

"Mimi."

"Mama Cherehani aliongea sentensi nzima bila kurudisha neno?"

Mchoraji alivivua vile vipokea sauti polepole, akavilaza mezani, akavinyoosha waya. Alikuwa msichana wa umri mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Sikumbuki."

"Asubuhi ileile ofisi imekutwa imevunjwa, shahidi anasimulia alichokiona, masikioni mwako, na hukumbuki."

"Ukichora sana, afande, maana inapotea. Unasikia matawi tu."

"Sauti yenyewe iko wapi? Nisikilize mimi."

"Haipo," fundi alidakia. "Msimamizi alisema iliingia upepo, akaifuta."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa kawaida ananituma mimi."

Kobe alikuwa bado anamtazama yule msichana. "Kule kituo cha polisi mama wa yule mlinzi ameketi kwenye benchi tangu asubuhi. Anangoja shati la mwanawe lishonwe vifungo ili kesho akafungwe akiwa nadhifu. Sikuombi mengi."

Msichana alitazama mlango wa mbao, kisha mikono yake. Aliposema, alisema kama anayehesabu mishono.

"Mama yangu alipofariki, jamaa wote walikaa kikao wakatazamana. Mjomba ndiye aliyesema, huyu ataishi kwangu. Mimi nimekula kwake, nimesoma kwake, kazi hii kanitafutia yeye. Usiniulize mimi, afande. Uulize mti." Kisha, bila kumtazama mtu, "Fundi, washa namba."

"Namba gani? Zile? Hakuna anayezitazama zile."

"Washa tu."

Fundi alibonyeza mahali fulani juu ya skrini, na chini ya kila jani ikachomoza namba ndogo ya kijivu.

"Kila neno linapewa namba pale tu linaposikika," alieleza, na sasa alikuwa anajieleza mwenyewe zaidi kuliko mgeni. "Hata la jalalani. Nilizitia mwanzo kabisa ili nisichanganye mpangilio, halafu nikazificha kwa sababu zinachafua..." Akaisogelea skrini.

Nikainua lilikuwa la kwanza. Kichwa la pili, nikamwona la tatu. Mlinzi la nne, anapanda la tano, ngazi la sita. Baada yake lilifuata neno 'na'. Namba yake kumi na sita.

Kobe aliinama mpaka pumzi yake ikagusa kioo. "Hapa katikati pana shimo."

"Maneno tisa," alisema fundi. "Mtu amekata tawi. Maandishi hayaoneshi kitu, maana programu inachuma yaliyopo na kuyabana pamoja. Lakini mti..."

"Mti una kovu. Naliona. Yaliyokatwa yako wapi?"

"Mti ukikaguliwa, maandishi ya zamani yanafutwa, mapya yanaandikwa juu yake. Hakuna..." Akasimama wima ghafla, kiti kikarudi nyuma. "Ngoja. Jalala."

"Jalala si limekatwa?"

"La kwenye mti, ndiyo. Mimi nina langu." Vidole vyake vilikuwa vinakimbia tayari. "Programu inapita kila mti mara ya kwanza unapochorwa, kabla haujakaguliwa. Ikikuta jalala, hailiandiki kwenye maandishi, lakini inalimwaga kwenye faili langu la pembeni. Napenda kujua watu wanajirudi vipi. Na lile faili halifutwi. Linaongezewa tu. Hakuna anayejua lipo. Hata huyu dada hajui."

"Hata mimi sijui," alisema msichana, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa kitu kipya.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini jalala la fundi lilikuwa limezoa. Kwenye skrini yalipita maneno ya watu waliojikana, mamia kwa mamia, hayana kichwa wala miguu. Juzi, hapana. Shangazi, sio. Elfu mbili, nimesema elfu mbili, ngoja. Kisha fundi akaondoa mkono kwenye kipanya.

Namba nne mpaka nane. Mlinzi anapanda ngazi hapana ngoja.

Nje, ng'ambo ya barabara, cherehani ilikuwa inakwenda, inakatika, inakwenda.

Kobe alisoma tena, akinong'ona, kidole kikifuata. Kisha akaiweka karatasi ya kituo kando ya skrini. Maneno matatu yaliyokuwa yamemfunga kijana wa watu ndiyo maneno matatu ambayo shahidi aliyatupa kabla hajamaliza pumzi. Yalikuwa jalalani tangu mwanzo, pamoja na 'hapana' yake na 'ngoja' yake. Mtu aliyatoa kule, akayafuta vumbi, akayapandisha juu ya mti mahali pa ukweli, na ukweli wenyewe akaukata. Kisha mti huo ukasomwa kwa Mama Cherehani kituoni, naye akausikia ukiwa umenyooka kuliko kitu chochote alichowahi kusema, akadhani hivyo ndivyo alivyoona.

"Kutoka tisa mpaka kumi na tano," alisema Kobe. "Maneno saba. Hayo hayakuwa ya kutupwa, kwa hiyo hayamo humu."

"Hayamo," fundi alikubali.

Kobe hakumgeukia msichana. Aliuliza jingine, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayekunja karatasi. "Diski iliyoibwa ilikuwa na miti mingapi?"

"Inategemea unamwuliza nani. Kwa barua ambazo msimamizi amewaandikia wageni wetu wanaotulipa, kazi yote imekamilika, miti yote imo. Wageni walikuwa waje wiki hii waifungue wenyewe." Fundi alikitazama kile chumba chenye kitasa kilichong'olewa kana kwamba anakiona leo. "Kwa mkono wa huyu dada anayechora peke yake, hata nusu haijafika. Huu mti wa Mama Cherehani umenusurika kwa kuwa ulichorwa baada ya wizi, kwenye kompyuta yangu."

"Na diski ikiwa imeibwa, hakuna wa kuhesabu."

"Hakuna."

"Hifadhi hicho ulichonionesha mahali ambapo wewe tu unaweza kufika. Na ukienda nyumbani leo, ondoka nacho ndani ya hilo begi."

Mlango wa mbao ulifunguka. Msimamizi alikuwa anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limechelewa kidogo kufika machoni.

"Naona mmezungumza sana. Tumemaliza, afande?"

"Karibu, mzee. Limebaki dogo, la huko chini. Utanisindikiza?"

"Bila shaka."

Mpwa wake alikuwa amevivaa tena vile vipokea sauti visivyo na sauti, ameinamia mti. Msimamizi alipopita alimgusa bega, kama mzazi, naye hakuinuka wala hakujitoa.

Walishuka. Safari hii Kobe alitangulia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, alikuwa na nafasi ya kusikiliza. Nyuma yake miguu miwili ilitua katika kila kidato, na kati ya kidato na kidato kiganja kilikuwa kinakwaruza chokaa. Mama Cherehani alikuwa amelitambua koti. Begi alilitaja mpaka mwisho, halina ubishi. Uso hakuuona. Kilichomfanya aseme hapana, ngoja, kilikuwa lazima kiwe kitu ambacho mtu anaweza kukiona mgongoni kwa mwenzake akiwa ng'ambo ya barabara, mwanga ukiwa umekwisha. Na alikuwa amekisema, kwa maneno saba, ambayo kwa sasa yalikuwa kichwani mwa msichana mmoja aliyelelewa na aliyeyakata.

Lakini kinachosemwa mara moja kinaweza kuonekana mara mbili.

Chini, Kobe alilitoa lile koti kwenye msumari, akalikung'uta, akalishika mabegani likiwa wazi, kama fundi nguo anavyomshikia mteja.

"Mzee, nina ombi."

"Sema, binti yangu."

"Livae hili. Halafu upande ngazi mpaka juu, kama unavyopanda siku zote. Usigeuke."

Msimamizi alitazama koti. Akatazama ngazi, zile kumi na kitu alizozipanda miaka yote bila kuzifikiria, na mfereji mweusi uliopanda nazo kwenye chokaa. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeegemea ukutani. Aliuona ulipo, akautoa, akautia mfukoni.

"Ni ombi tu," alisema Kobe, na hakushusha mikono.

Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa imenyamaza. Shati jeupe lilikuwa limelala mapajani mwa mwenye duka, kifungo cha mwisho kinaning'inia kwenye uzi, na Mama Cherehani alikuwa ameinua kichwa.